Ngazija na mama: nianze na mlima wa Karthala au na miji?

Mwalimu_wa_Kivinje aliuliza:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, kwetu Kilwa Kivinje, nafundisha Dar. Likizo ya Juni na Julai nimepanga kwenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, na kilichonivuta ni volkano. Watoto nawafundisha kaldera (lile shimo pana la kileleni), lava na majivu kwa michoro ya ubaoni, na mlima tunaoutaja kila siku ni Kilimanjaro, ambao umelala. Karthala umelipuka mara mbili mwaka 2005, ukarudia 2006 na 2007, nao uko mwendo wa saa moja na kidogo tu kwa ndege kutoka hapa. Nataka nisimame ukingoni nitazame chini kwa macho yangu, na picha za kufundishia nizipige mwenyewe.

Nilipomwambia mama akasema, "Ngazija huendi bila mimi." Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mtu wa tarika ya Shadhuliya, na mama amekulia kwenye dhikri. Tangu mdogo anasikia habari za Sheikh Maarufu wa Moroni, na anataka kulizuru kaburi lake kabla miguu haijamkatalia kabisa. Ana miaka sitini na kitu, magoti yanamsumbua, lakini kwenye gari na sehemu tambarare hana shida.

Nilichofikiria ni kwenda juma moja. Tukifika, mama apumzike hotelini Moroni, mimi niende mlimani siku mbili, nikirudi tuzuru kaburi na kuzunguka mji siku moja, kisha pwani kidogo na safari ya nyumbani. Naomba ushauri kwa waliofika. Mlima una ugumu gani? Fedha nibebe vipi? Na ukiondoa mlima na kaburi, kuna nini hasa cha kuona?

Mpagazi_Mstaafu alijibu:

Mwalimu, salamu kutoka Moshi. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro ujana wangu wote, na Karthala nimeupanda nilipokwenda na mgeni mmoja aliyekuwa akizunguka milima ya moto. Nitazungumzia mlima tu, mengine wayaseme wanaokijua kisiwa.

Kilele chake ni mita 2,361. Maana yake kiko chini ya Mandara, kibanda cha kwanza cha njia ya Marangu. Mtu akisikia hivyo anadharau, na hapo ndipo anapoumia. Marangu unaanza kutembea ukiwa tayari juu, kwenye ubaridi, na vijito vya maji unavipita. Karthala unaanza na joto la pwani mgongoni, unyevunyevu umekushika, na njia nzima hakuna pa kuchota maji. Kisiwa kile hakina mto wa kudumu hata mmoja, kwa sababu mvua ikinyesha mawe ya lava yanainywa yote. Maji utakayokunywa ni yale uliyoyabeba kutoka chini. Mimi kwa siku mbili siwezi kukubali mtu apande na chini ya lita tano zake, mbali na ya kupikia.

Wengi wanaanzia Mvouni, juu ya Moroni. Mwanzo unapita mashamba, migomba na mihogo, halafu unaingia msitu wenye ukungu, miti imevaa kuvumwani mpaka matawini. Ukitoka msituni unakuta vichaka vile vigumu vya majani madogo, jamii ile ile tunayoipita juu ya Mandara, vingine vimemzidi mtu urefu. Mahema hupigwa huko juu, mahali panapoitwa La Convalescence. Usiku baridi yake si ya mchezo kwa mtu wa Kilwa, kwa hiyo sweta nzito na kofia ya sufu viwemo begani.

Asubuhi amka gizani. Ukifika ukingoni jua likiwa bado changa utaiona kaldera yote, upana wake kama kilomita tatu kwa nne, na ndani yake kreta, yaani tundu la volkano, ya Chahalé. Ziwa dogo lililokuwa chini ya kreta hiyo lilitoweka katika mlipuko wa Aprili 2005. Chini ya miguu ni majivu meusi na changarawe ya lava inayokatika ovyo, ukikanyaga inalia. Sehemu nyingine mvuke unatoka kwenye nyufa na mawe yake ukiyagusa yana joto. Saa nne hivi mawingu yanaanza kupanda kutoka baharini na yakifunga huoni mkono wako, ndiyo maana nasema usithubutu kupanda bila mwenyeji. Njia za ng'ombe ziko nyingi kule juu, wafugaji wanachunga mpaka karibu na kaldera, na ukishika njia ya ng'ombe kwenye ukungu ukidhani ni ya watu umepotea. Chukua kijana wa Mvouni, mlipe vizuri, na usimbane bei.

Wapo wanaopanda na kushuka siku moja. Mguu unaweza, ila utafika juu mawingu yameshafunga, na wewe umekwenda kutazama. Lala.

Na kabla ya kupanda uliza Moroni hali ya mlima ikoje. Wana kituo cha kuuangalia Karthala, na watu wake wanajua kama unatikisika.

Duka_la_Msimbazi alijibu:

Mimi ni mtu wa biashara, Wangazija ni wateja wangu Kariakoo na mimi huwafuata kwao kukusanya madeni. Kwa kifupi, beba yuro taslimu. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, kama faranga 492 kwa yuro moja, kwa hiyo bei haichezi. Kadi ya benki usiitegemee, na shilingi yetu huko haikusaidii. Viza mtapewa uwanjani Hahaya, nayo mlipie kwa yuro, noti safi zisizochanika.

Moroni teksi ni za kuchangia, mnalipa kwa kichwa. Ukitaka iwe yako peke yako sema mapema. Kwa vile una mzee mwenye magoti, kodi gari na dereva kwa siku za kuzunguka nje ya mji, barabara nyingine zina mashimo. Soko kubwa ni Volo Volo. Kiswahili mjini utaelewana na wengi, hasa waliosoma au kuchuuza Dar na Unguja. Ukienda vijijini wazee wanakielewa kuliko vijana, vijana wanakwenda na Kifaransa.

Dawa za mama zitoshe mpaka siku ya kurudi na zaidi. Malaria ipo, chukueni tahadhari.

Binti_wa_Itsandra alijibu:

Marahaba mwanangu, na mama yako mpe salamu zangu nyingi. Nimesoma swali lako nikaona nisilale bila kukujibu. Mimi nimezaliwa Unguja mjini, lakini mama yangu ni wa Itsandra, na nyumba yetu iko huko mpaka leo. Kila kusi nakwenda.

Nianze na mpango wako wa kumuacha mama hotelini. Usifanye hivyo. Si kwa sababu ya upweke tu. Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mila yao ya manyahuli inapitisha nyumba na ardhi upande wa mama, baba anamjengea binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mwanamume mgeni akifika mtaani peke yake atakaribishwa bangwe, yaani uwanja wanaokaa wanaume, ataulizwa habari za Dar, atapewa kahawa, basi. Mwanamke wa makamo aliyevaa kanga zake vizuri akisema ametoka Kilwa kumzuru Sheikh Maarufu, ataingizwa ndani, ataulizwa ukoo wake, atapikiwa. Wewe utaingia nyuma yake. Yote unayotaka kuyajua kuhusu mlima ule utayakuta kwa watu wanaoishi chini yake kabla hujaukanyaga.

Nenda na mama kaburini siku ya kwanza au ya pili. Sayyid Muhammad al-Maarufu alizaliwa Moroni mwaka 1853 na akafariki hapo hapo 1905. Ni yeye aliyeieneza Shadhuliya visiwani, na kutoka mikononi mwake ikafika Unguja na Kilwa kwenu. Kwa hiyo babu yako na watu wa zawiya ile, yaani nyumba ya ibada ya tarika, ni ndugu wa njia moja, na mama akilitaja jina la aliyempa baba yake wadhifa, yaani nyiradi za tarika, mzee wa zawiya atataka kulisikia mara mbili. Mtafutieni mwenyeji wa kike amtangulize kuuliza utaratibu wa wanawake, ili asisimame mlangoni akihangaika.

Kutoka hapo shukeni mji wa kale taratibu. Vichochoro vya Moroni mama atavijua, maana ni ndugu wa vichochoro vya Mji Mkongwe, milango ya kuchonga, baraza, na vibibi vimepaka liwa usoni. Tofauti iko kwenye jiwe. Kwetu tunajenga kwa jiwe la matumbawe, jeupe. Wao ukuta ukimenyeka chokaa, ndani unaliona jiwe jeusi lenye vitundu vidogo vidogo, ambalo siku moja lilikuwa moto. Mwalimu, hapo simama na umwonyeshe mama kwa kidole. Msikiti wa zamani wa Ijumaa, ule wa Badjanani unaotazama bandari ya majahazi, ulijengwa 1427 na mnara ukaongezwa 1921. Matao yake meupe yamepangana mbele ya maji, na maji yakitoka miamba myeusi inabaki wazi mpaka chini ya ukuta, vyombo vimelala ubavu juu yake. Nendeni alasiri kabla ya Magharibi, jua linapiga upande ule.

Halafu muulizie mama birika. Nyumba nyingi za Ngazija, hasa za zamani, zina birika la kukinga maji ya mvua, kwa sababu ile ile aliyokwambia mzee wa Moshi, kwamba hakuna mto. Novemba 2005 Karthala uliporusha majivu, yaliingia kwenye mabirika haya na watu wakakaa bila maji ya kunywa wakati wameyahifadhi wenyewe. Shangazi yangu alikuwa Itsandra. Aliniambia majivu yale yalikuwa laini mno hata akichuja kwa kanga iliyokunjwa mara nne maji yanabaki ya kijivu. Mpaka leo mfuniko wa birika lake una tambara lililozungushwa pembeni, na mtu akiufungua bila kulirudisha tambara anakemewa. Wanafunzi wako wakijua hilo watakuwa wamejua mlipuko ni nini kwa mtu asiyefikiwa na lava.

Kusini kidogo mwa Moroni kuna Iconi, makao ya kale ya masultani wa Bambao. Jengo la zamani la kifalme lipo ufukweni, na juu yake unaning'inia mlima mdogo wenye mwamba uliokatika moja kwa moja mpaka baharini. Mwaka 1805 maharamia wa Kibuki, yaani wa Madagaska, waliushambulia mji kuteka watu wa kuuza, na wanawake wa Iconi wakajirusha kutoka mwamba ule wasichukuliwe. Wenyeji watakuonyesha mahali. Mimi siku zote nikifika pale nasoma Fatiha na sipigi picha ya mtu akicheka. Nakuomba na wewe usifanye.

Itsandra, kwetu, ni karibu sana na Moroni upande wa kaskazini. Ina ufukwe wa mchanga mweupe na magofu ya ngome. Hapo ndipo alipozaliwa Sayyid Ahmad bin Sumait mwaka 1861, aliyekuja kuwa kadhi wetu Unguja hadi kufariki kwake 1925. Wazee wa Kilwa wanalijua jina hilo. Ndiyo nasema mama yako hatakuwa mgeni.

Kwa bahari nenda kaskazini, Mitsamiouli. Njiani unapita uwanja wa Hahaya, ambao umezungukwa na lava iliyomwagika na kupoa, imebaki na mikunjo juu kama utando wa uji uliopoa. Simamisha gari umguse mama mkono alishike jiwe lenyewe. Ukipita Mitsamiouli kuna ghuba ndogo ya Trou du Prophète, maji yake yametulia, mama anaweza kukaa mguu ndani. Mbele kuna Lac Salé, ziwa la chumvi lililojaa ndani ya kreta ya zamani, hatua chache kutoka baharini. Unasimama ukingoni kushoto una bahari ya buluu, kulia ziwa la kijani, katikati ukuta mwembamba wa kreta. Kwa mwalimu wa jiografia sijui kama kuna somo jepesi kuliko hilo, na halihitaji goti zima.

Pwani hiyo ndiyo iliyoangukiwa na ndege ya Ethiopia iliyotekwa, Novemba 1996, ikiwa imeishiwa mafuta. Watu 175 walikuwemo, 125 walikufa, akiwemo Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya. Watu wa ufukweni walikwenda na vyombo vyao kuokoa. Wazee wa Mitsamiouli ukiwauliza kwa adabu wanasimulia.

Kama mna nafasi Moroni, pitieni makumbusho ya taifa mkamwone gombessa. Ni samaki yule aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za dinosaria mpaka akavuliwa Afrika Kusini 1938, na wa pili akapatikana kisiwa cha Nzwani, hapo hapo Komoro, mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua muda wote na jina lake walikuwa nalo. Sisi tunaye pia, ndiye silikanti wa Tanga.

Chakula, mama asihangaike. Ndizi mbichi za nazi na samaki, mashelisheli, wali, kisamvu wanachokiita mataba. Mwambie aombe ladu pamoja na kahawa.

Neno la mwisho ni juu ya wakati. Julai na Agosti ni kusi, kukavu, kuzuri kwa mlima. Pia ndio msimu wa anda, harusi kubwa. Mkialikwa msikatae.

Mwana_wa_Foumbouni alijibu:

Bi, heshima yako. Mimi ni Mngazija wa Foumbouni, nimesoma sekondari Dar, sasa naishi Marseille. Mengi uliyosema ni kweli tupu, lakini juu ya anda niongeze upande wangu.

Baba yangu alijinyima nusu ya maisha yake ili afanye anda. Alibeba mizigo bandarini huku Ufaransa, akalala chumba kimoja na watu wengine, fedha zote zikaenda kwenye dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, mchele na karamu za mji mzima. Aliporudi nyumbani akawa mtu kamili, akakaa mbele bangwe, akapata haki ya kusema mbele za watu. Sisi watoto wake tulikua tunamjua kwa simu. Kwa hiyo mgeni anapokuja na kamera akaona kanzu na majoho na wanaume wanacheza djaliko akadhani ni tamasha la watalii, mimi moyo unaniuma. Ukialikwa nenda, lakini nenda kama mtu aliyealikwa. Kaa ulipoelekezwa, picha za wanawake usipige, na ujue unachokiona kimegharimu nini.

Jambo jingine, Mwalimu, usiishie kaskazini na Moroni kama wanavyofanya wageni wote. Kata kisiwa uende mashariki mpaka Chomoni. Pale lava nyeusi imeingia baharini na katikati yake kuna mchanga mweupe, na Jumapili tu ndiyo watu hujaa. Kusini magharibi pitia Singani. Mwaka 1977 lava haikutoka kileleni, ilipasua ubavu wa mlima huku chini ikakifunika kijiji. Watu walirudi wakajenga upande wa pili wa lava ile ile. Utaona migomba imepandwa kwenye nyufa zake. Hiyo ndiyo volkano yetu sisi wa kusini. Kaldera iko mbali, hii iko uani.

Chindini kuna boti za kwenda kisiwa cha Mwali. Usimpandishe mama. Mlango ule wa bahari ni mkali wakati wa kusi na vile vyombo ni vidogo.

Na tiketi kateni sasa hivi. Julai huku Marseille nusu ya mtaa wetu inahamia nyumbani, ndege na nyumba za wageni zote zinajaa.

Binti_wa_Itsandra alijibu:

Mwanangu wa Foumbouni, nimekusoma na nimekuelewa. Mzee wako Mungu amlipe. Sitabishana nawe juu ya kilichokugusa wewe.

Ila sitaki Mwalimu abaki na upande mmoja. Msikiti wa mtaa wetu, darasa za shule na barabara ya kuingilia mjini vimetoka kwenye michango ya anda. Serikali ikichelewa mji unajijengea. Na twarab ya usiku wa harusi, iliyotoka kwetu Unguja mwanzoni mwa karne iliyopita, ingekuwa imekufa zamani huko kama si harusi hizi kuilisha. Naona vijana wa sasa wanataka gharama zipungue na mimi niko pamoja nao. Kuondoka kabisa, hapana.

La kamera umesema kweli na naliunga mkono lote.

Mwalimu_wa_Kivinje alijibu:

Nawashukuru sana, Bi na ndugu zangu. Nimempigia mama nikamsomea majibu yote kwenye simu. Alipofika kwa Ibn Sumait alinikatisha, akasema baba yake alikuwa na kitabu chenye jina hilo. Sasa mpango umepinduka. Yeye anataka siku mbili nzima Moroni na Iconi, halafu siku ya kaskazini, halafu Chomoni na Singani kwa gari. Mlima nimeusogeza mwishoni.

Nimebaki na maswali mawili. Siku mbili nitakazokuwa mlimani mama akae wapi, maana hotelini sasa hataki kusikia? Na kaburini na kwa wenyeji aende na nini mkononi? Hataki kwenda mikono mitupu, na fedha anaona kama ni kuwadharau.

Mpagazi_Mstaafu alijibu:

Mlima mwishoni ni sawa, lakini usiuweke siku ya mwisho kabisa. Acha siku moja ya akiba kati ya kushuka na ndege. Mvua ikiwashika juu mtasubiri, na magoti yako mwenyewe siku ya kesho yake yatakuwa kama ya mama. Kushuka kwenye changarawe ile ndiko kunakoumiza, fimbo ni lazima.

Binti_wa_Itsandra alijibu:

Mwanangu, mama atakaa Itsandra kwetu. Shangazi yangu yupo, mwaka huu hatoki, na nyumba ni ya chini haina ngazi. Umri wao unakaribiana, wataswali pamoja na kukumbushana watu. Wewe ukishuka Mvouni teksi itakuleta hapo, uoge, ule, ulale.

Mkononi abebe kanga za Dar, jozi za kutosha, zenye maneno ya heshima, maana huko kanga ya Tanzania inapendwa na hakuna mwanamke atakayeona amedharauliwa. Aongeze ubani mzuri na pakiti za majani ya chai. Kaburini ubani unatosha, na kama atataka kutoa sadaka ya zawiya aiweke ndani ya bahasha ampe mwenyeji wake wa kike aifikishe, si kumkabidhi mzee mkononi. Dhahabu avae kidogo tu. Avae buibui kwa Moroni mjini na kanga kwa mtaani, viatu viwe vya chini vyenye soli ngumu, kwa sababu hata uani kwa watu jiwe lile jeusi linakata.

Ijumaa ya kwanza msipange safari ya mbali. Mwende Badjanani mapema, wewe upate safu, na baada ya sala mrudi kula kwa shangazi. Nimeshamwambia. Namba yake na ya kijana wa Mvouni anayempandishia wageni wetu nakutumia kwenye ujumbe wa faragha usiku huu, ukishakata tiketi nijulishe tarehe.